Mchango si Nauli

Simu ya shemeji ilinikuta jikoni nachambua mchele. Hakunisalimu, na kwa mtu wa Mombasa hilo peke yake ni dalili ya msiba.

"Shemeji, futa ule ujumbe. Ufute sasa hivi, kabla hujaweka simu chini."

Ujumbe wenyewe nilikuwa nimeuandika kwa nia njema. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nifike Lowell, Massachusetts, kutoka Tanga, kumtembelea dada yangu na mumewe, huyu shemeji. Dada alikuwa ameniunga kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa sehemu zile, watu zaidi ya 200. Wachache nilikutana nao harusini, wengi siwajui hata kwa sura. Humo huuzwa sambusa, hutafutwa vyumba vya kupanga, huchangwa fedha za kusafirisha maiti. Nikasikia kwamba Jumamosi shemeji atakodi ndege ndogo kwenda kisiwa cha Martha's Vineyard, tutakwenda mimi, yeye na Mjomba, na kiti kimoja kitabaki kitupu. Kiti kitupu na watu 200! Nikaandika: "Rubani wetu anaruka Jumamosi. Nafasi ipo, mafuta tunachangiana. Hata New Jersey na Philadelphia anaweza kuwapeleka siku nyingine, ongeeni naye."

Kabla mchele haujaisha, mama mmoja alikuwa ameshauliza bei ya watu watatu kwenda harusini New Jersey, pamoja na begi la nguo.

Nikaufuta. Shemeji akashusha pumzi, ndipo akaniuliza habari za asubuhi.

Jioni alikuja kunieleza mezani, huku Mjomba akisikiliza. Mjomba ni kaka wa marehemu mama yetu. Alikuwa nahodha wa majahazi kwa miaka mingi, Tanga, Pemba, Lamu, mpaka macho yalipoanza kumdanganya na binti yake akamchukua akae naye Lynn. Ana miaka 71, na hajawahi kukubali kuelezwa jambo la chombo na mtu ambaye hajui kufunga tanga.

"Leseni yangu ni ya rubani binafsi," shemeji alisema. "Naweza kuruka, naweza kubeba watu, lakini siwezi kulipwa kwa kuwabeba. Kanuni ya FAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kifungu cha 61.113, imefunga mlango huo. Imeacha kidirisha. Mnaweza kuchanga nami gharama za safari yenyewe: mafuta, oili, ada za uwanja, kodi ya ndege. Basi, hizo tu. Na mimi sharti nitoe fungu langu kamili. Tukiwa watatu, theluthi ni yangu. Nikitaka kutoa zaidi, ruhusa. Nikitoa pungufu hata senti, nimeshakuwa mchukuzi."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Mimi nilishaandaa dola 500. Wewe una watoto, una kodi ya nyumba. Nikikupa zote, nani atajua?"

"Mimi nitajua, Mjomba."

"Na mimi nikikupa kwa ridhaa yangu, bila wewe kuniomba?"

"Hata hivyo. Na si fedha tu. Kwao malipo ni kitu chochote cha thamani. Wamewahi kusema hata saa za kuruka anazojipatia rubani kwa fedha ya mwingine ni malipo, maana saa hizo ndizo zinazompandisha daraja."

Hapo niligundua kwamba shemeji, ambaye kutwa nzima hupima damu za watu kwenye maabara ya hospitali, alikuwa amevisoma vifungu hivi kama mwanafunzi wa chuo anavyosoma kitabu chake. Alitumia miaka miwili kupata ile leseni, akijifunza Jumamosi kwa Jumamosi kadiri mshahara ulivyoruhusu. Sheria inataka angalau saa 40 za mafunzo, yeye alifikisha 74 ndipo akapita mtihani.

"Kuna la pili," aliendelea. "Safari lazima iwe yangu kwanza. Mimi niwe nakwenda kule kwa shauri langu, na ninyi muwe na shauri lenu kule kule. Yule mama wa New Jersey ana harusi. Mimi New Jersey sina harusi, sina msiba, sina hata deni la kudai. Nikimpeleka, nimekwenda kwa ajili yake. La tatu ndilo lako, shemeji: kujitangaza. Mtu akijinadi mbele ya umma kwamba anachukua watu, wanamhesabu kuwa mfanyabiashara. FAA walitoa waraka mwaka 2020, namba 61-142, na mitandao ya kijamii imo. Kumwambia rafiki yangu kwamba nakwenda si kosa. Kundi la watu 200, nusu yao siwajui, hilo ni soko."

Akatusimulia kisa cha hapo hapo Boston. Kampuni iitwayo Flytenow ilianzisha tovuti ambamo marubani binafsi waliandika safari zao, na mtu yeyote mwenye nia ya kwenda huko akaomba kiti na kuchangia. FAA ikasema huko ni kujinadi, haidhuru faida iwepo au isiwepo. Kesi ikafika mahakama ya rufaa ya Washington, na Desemba 2015 majaji wakaipa FAA haki. Ulaya wao wamechukua njia nyingine: watu wasiozidi sita, rubani akiwa mmoja wao, wanaruhusiwa kugawana gharama za moja kwa moja, na tovuti za namna ile zinafanya kazi hadharani.

Mjomba alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe wanatenganisha mchango na nauli."

Sikuitilia maanani kauli ile wakati huo. Nilikuwa nawaza kundi. Huko maneno yalikuwa yameshaanza: ujumbe umefutwa, rubani amebadili nia, siku hizi watu wakipata leseni hawatujui tena. Dada alisoma akanyamaza, nami nikaona anavyoumia.

Jumamosi asubuhi tulikutana uwanja wa ndege wa Lawrence. Jambo la kwanza shemeji alilolifanya ni kutoa mizani ya bafuni kutoka kwenye buti la gari na kuiweka juu ya lami.

"Hapa hatupimani kwa macho," alisema.

Mjomba akavua viatu, akavua koti, akasoma dua, akapanda. Ratili 205. Mimi 149. Shemeji mwenyewe 178. Mikoba yetu, pamoja na chupa ya chai na mkate wa mofa niliouoka mwenyewe, 18. Ndege ilikuwa Cessna 172 iliyoundwa mwaka 1979, injini moja ya nguvu za farasi 160, mabawa juu, magurudumu matatu, na rangi iliyochujuka kama kanga ya kufanyia kazi. Ikiwa tupu ina ratili 1,440. Mafuta ya kujaza, galoni 40 zinazoweza kutumika, yana ratili 240. Uzito wote hauruhusiwi kupita 2,300. Shemeji alijumlisha mbele yetu kwa kalamu: 2,230. Zilibaki ratili 70, yaani kilo 32 hivi.

Nikatazama kile kiti cha nne. Nafasi niliyoitangaza kwa watu 200 ilimtosha mtoto wa darasa la nne.

Karatasi yake ilikuwa na saa inayoniumiza kichwa: 1300Z, saa ya Greenwich ambayo marubani wote duniani huitumia. Kwa Wamarekani ilikuwa saa tisa asubuhi, na kwangu mimi ilikuwa saa 3, kama Mungu alivyoumba.

Alizunguka ndege kwa mwendo wa fundi. Alitikisa bawa, akapapasa ukingo wa rafadha kwa kidole (neno "rafadha" ni la Mjomba, shemeji alisema "propela"), akachungulia oili, akachota mafuta kidogo kutoka chini ya kila tangi kwa kikombe chembamba na kukiinua juani. Petroli ile ni ya samawati. Alikuwa akitafuta maji, ambayo hukaa chini yakajionyesha kama tone la jicho. Mjomba, ambaye mpaka hapo alikuwa ameweka mikono nyuma kama mkaguzi, alisogea akatazama kikombe naye. "Sisi tulionja," alisema. Sikujua kama anatania.

Nikamuuliza shemeji lini aliruka mara ya mwisho. Akajibu kwamba Jumapili iliyopita alikuja peke yake, akaruka na kutua mara tatu, akarudi nyumbani.

"Kwa nini peke yako?"

"Kwa sababu majira ya baridi sikuruka. Anayebeba watu lazima awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Siku zikipita, naruhusiwa kuruka, ila bila mtu ndani."

Nililitafakari hilo wakati ananifunga mkanda kiti cha nyuma. Sheria ilimwachia ahatarishe roho yake apendavyo. Ilipofika kwenye yangu, ikamwambia akajaribu kwanza mara tatu.

Alitupa maelezo, nayo pia ni wajibu wake: mkanda unafungwa hivi, unafunguliwa hivi, mlango unafunguka hivi. Nikiinua mkono, nyamazeni, nasikiliza mnara. Kisha akatoa maboya matatu ya kujifunga kiunoni. "Haya sheria hainidai," alisema. "Ingenidai kama mngekuwa mmenilipa, na tungekuwa tunavuka mbali na nchi kavu. Ndege inayochukua watu kwa malipo haipiti juu ya maji, mahali ambapo injini ikizima haiwezi kuelea hadi ufukweni, bila maboya. Ya binafsi inapita."

"Yaani anayelipa ana thamani zaidi?" Mjomba aliuliza.

"Anayelipa hajui, Mjomba. Ndiyo tofauti. Ameona bei, amekata tiketi, anaamini kuna mtu amekagua. Ndiyo maana anayemchukua atakuwa na leseni ya biashara, kwa kawaida si chini ya saa 250, na kampuni yenye cheti chake. Ndege yake itakaguliwa kila saa 100 za kuruka. Hii yetu, mara moja kwa mwaka. Ninyi mnanijua. Mmeniona nikijipimia mizani. Mkipanda, mmepanda kwa kunijua."

Mjomba akavaa boya lake na kulikaza mpaka mwisho.

Kuruka kwenyewe kulinishangaza kwa udogo wake. Nilizoea ndege kubwa, ambayo hukusukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka. Hii ilinguruma, ikatetemeka, ikakimbia kidogo, kisha magurudumu yakanyamaza na ardhi ikaanza kushuka polepole, kama ndoo kisimani. Chini yetu mto Merrimack ulijipinda kati ya viwanda vya matofali mekundu. Kwenye viwanda vya jimbo hili, karibu miaka 200 iliyopita, zilifumwa zile nguo za pamba zilizopelekwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Bibi yangu aliziita merikani, nami nilikuwa nimefika ukubwani bila kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka pale, chini ya gurudumu la kushoto.

Tuliipita Boston kwa magharibi, kwa futi 3,500, maghorofa yake yakiwa kushoto kama meno ya kitana. Shemeji hakuwa mtu ninayemjua. Yule anayepoteza funguo kila asubuhi alikuwa amepotea mwenyewe. Aliyekaa mbele yangu alizungumza na waongozaji kwa maneno machache, akasoma saa, akaandika, akatazama nje kushoto, nje kulia, akasoma saa tena. Mjomba alikuwa ameshika magoti yake. Alikuwa akitazama usukani ulio mbele yake, ukisogea wenyewe kwa kufuata ule wa shemeji, kwa macho ya mtu anayemtazama farasi wake wa zamani akipandwa na mwingine.

"Unashika wapi?" aliuliza kwenye kipaza sauti, kwa lugha ya baharini.

"Nashika kusini mashariki mpaka mfereji wa Cape Cod, kisha Falmouth, kisha tunakata maji pale pembamba. Kila futi 1,000 za kimo chetu zinanipa kama maili moja na nusu za kuelea injini ikizima. Pale katikati ya maji, nchi kavu itakuwa karibu kuliko umbali huo wote, upande huu au ule."

"Unatembea na pwani."

"Natembea na pwani."

Mjomba akaachia magoti. Nadhani ndipo alipokubali kuwa abiria.

Mfereji ulipita na madaraja yake, kisha nchi ikakatika na bahari ikaanza, kijani karibu na mchanga na nyeusi mbele. Feri ya kutoka Woods Hole huchukua dakika 45 kuvuka pale. Sisi tulivuka kabla sijamaliza kuhesabu tanga nyeupe zilizo chini. Magurudumu yaligusa lami ya Martha's Vineyard kwa mlio mdogo wa panya. Mita ya ndege ilisoma saa 1.1.

Hapo hapo, chini ya bawa, shemeji alitoa daftari. Kodi ya ndege ni dola 180 kwa saa, mafuta yakiwemo: 198. Ada ya kutua, 15. Jumla 213. Kwa watatu, 71 kila mmoja. Alihesabu zake mbele yetu, akaziweka bahasha moja na zetu. Mjomba alitoa noti nne za 20, akadai chenji ya tisa, na akaipata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akidai chenji.

Kila mmoja wetu alikuwa na shauri lake kisiwani. Mjomba alitaka kuona nyumba za manahodha wa zamani wa Edgartown, wale waliozunguka dunia kuwinda nyangumi. Aliziona, nyeupe, zenye veranda za juu, akasema zimejengwa na watu waliokuwa wakiogopa kurudi baharini. Mimi nilitaka kuona Oak Bluffs, vibanda vya mbao vya Wamethodisti vilivyochorwa rangi kama masanduku ya harusi, na ufuko uitwao Inkwell, ambako Waamerika weusi wamekuwa wakipumzika kwa vizazi. Kuna nyumba pale, Shearer Cottage, iliyoanza kupokea wageni weusi mwaka 1912, zama ambazo milango mingine ya kisiwani ilikuwa imefungwa kwao. Shemeji alitaka kukaa mchangani asifanye lolote. "Nimepanga safari hii tangu Machi," alisema, "msifikiri nimekuja kwa ajili yenu." Tukacheka. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa akitania.

Alikuwa ametuambia tangu asubuhi: saa 10 jioni tunaondoka. Mjomba alitaka tungoje jua lizame, maana watu walimsifia machweo ya upande wa magharibi. Shemeji akakataa. Safari za usiku zina hesabu yake nyingine, kuruka na kutua mara tatu gizani, naye hakuwa nazo. Na palikuwa na sababu ambayo kisiwani pale kila rubani anaijua. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mtoto wa rais, alikuwa akija hapa akiendesha ndege yake mwenyewe, na ndani wamo mkewe na shemeji yake. Leseni yake ilikuwa hii hii ya rubani binafsi. Hakuwa na ruhusa ya kuruka kwa kutazama vipimo peke yake. Palikuwa na utusitusi juu ya maji, giza, hakuna mstari wa upeo wa macho, na siku ya pili kulikuwa na harusi ya jamaa inayowasubiri. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo asijue juu wala chini. Wote watatu wakafa.

"Na mkewe na shemeji yake," Mjomba alirudia polepole, akinitazama.

Ukungu ulikuja saa 8 mchana. Haukuja kama mvua, ambayo huonekana mbali. Nilikuwa nikimtazama mtoto akijenga ngome ya mchanga, nikainama kufungua chupa ya chai, nilipoinua kichwa mwisho wa gati haupo. Mjomba alivuta hewa puani. Upepo wa kusini, alisema, wenye joto, juu ya maji ambayo bado ni ya baridi: huu hauondoki kwa kuombewa.

Tulirudi uwanjani kwa basi, tukakaa kwenye benchi. Saa 10. Saa 11. Taarifa ya hali ya hewa ilisema mtu anaona nusu maili, na mawingu yako futi 200. Kwa leseni yake shemeji alihitaji maili tatu na futi 1,000. Ndege yetu, hatua chache nje ya dirisha, ilikuwa kivuli.

Mimi ndiye niliyeanza. Nikasema Jumapili asubuhi dada ana zamu hospitalini na watoto hawana mtu. Nikasema labda ukungu ni wa kisiwani tu, ukipanda juu kidogo unautoka. Nikasema tuliiona njia asubuhi, ni ile ile. Nilikuwa nazungumza kwa upole, kama mtu anayeuliza, lakini nilisikia ndani ya sauti yangu ile lugha tunayomwambia dereva wa daladala anaposimama sana kituoni: twende basi, tumelipa.

Shemeji hakunijibu. Aliyenijibu ni Mjomba.

"Umelipa nini?" alisema. "Ulichanga."

Kisha akasimulia, si kwangu hasa, bali kwa lile dirisha jeupe. Alisema nahodha akiwa na abiria wa nauli, usiku mbaya huwa na sauti nyingi ndani ya chombo. Huyu ana biashara yake, yule ana mgonjwa, na kila mmoja amelipa, kwa hiyo kila mmoja ana mkono kwenye usukani, hata kama hauonekani. Wenye chombo nao wako nchi kavu wanangoja hesabu. Nahodha mzuri hujifunza kutosikia, lakini humchukua miaka, na wengine hawawahi kujifunza, hujifunza bahari kwa niaba yao. Kumbe huku, kwa mtu mwenye saa chache kama mumewe dada yako, serikali imeizuia nauli isipande chomboni tangu mwanzo.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alimalizia. "Mwache huyu awe mmoja."

Nikaona haya. Shemeji aliinuka, akaifunga ndege kamba tatu, akapiga simu kwa waliomkodisha, akarudi. "Tunapanda feri," alisema, na uso wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu saa 8.

Ndani ya feri, honi ikilia kila dakika ndani ya weupe ule, Mjomba alimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa kuivunja sheria hii hasa. Shemeji akamtaja Emiliano Sala. Kila shabiki wa mpira analikumbuka jina: mshambuliaji wa Nantes aliyenunuliwa na Cardiff City, akapanda ndege ndogo usiku wa tarehe 21 Januari 2019 na kupotea juu ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Ndege ile ilikuwa imesajiliwa Marekani. Rubani wake alikuwa na leseni ya binafsi, isiyomruhusu kuchukua abiria kwa malipo, na hakuwa na ruhusa ya kuruka usiku. Mwaka 2021 aliyeipanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

"Sala alijua?" niliuliza.

"Angejuaje? Alipangiwa ndege, akapanda."

Dada alitupokea Boston usiku wa manane, watoto wamelala kiti cha nyuma. Hakuuliza neno. Alimkumbatia mumewe kwa muda mrefu kuliko desturi yetu mbele ya wakubwa.

Jumanne ukungu ulikuwa umekwisha. Shemeji aliomba ruhusa kazini, akapanda basi, akapanda feri, akairudisha ndege Lawrence peke yake. Saa 1.1 tena, dola 198, juu yake ada ya kulaza ndege siku tatu. Jioni Mjomba alikuja kutoka Lynn kwa treni, na bahasha. Alikuwa ameshapiga hesabu: theluthi ya 198 ni 66.

"Siwezi, Mjomba. Kidirisha ni cha safari yenye watu ndani. Leo hamkuwemo."

"Ndege ilikwama kwa ajili yetu!"

"Ilikwama kwa ajili ya ukungu. Nikichukua hizi, nimelipwa kuendesha ndege."

Mjomba alitazama bahasha, akamtazama yeye. Nilimwona anataka kukasirika na hajui amkasirikie nani. Mwishoni aliirudisha mfukoni, akaenda jikoni, akarudi na sinia ya wali wa nazi na changu wa kukaanga, akaiweka mbele ya shemeji peke yake.

"Na hiki je? Ni kitu cha thamani?"

Shemeji alitazama yule samaki. "Mjomba, hapa nakula kwa wakwe zangu. FAA haimo."

Wiki ya mwisho kabla sijarudi Tanga tulikwenda harusini, na meza ya jirani alikuwepo yule mama aliyetaka kwenda New Jersey. Hakuwa amesahau. Alimuuliza Mjomba, kwa sauti ya kutosha meza tatu, kama ni kweli huyu kijana wenu ana maringo.

"Hana maringo," Mjomba alisema. "Hachukui nauli. Msikilizeni anakwenda wapi. Kama nanyi mna jambo lenu huko huko, na mizani ikikubali, mtachanga mtakwenda."

"Na asipokuwa anakwenda New Jersey?"

"Basi kuna basi."